Mistari Elfu Kumi na Moja

Nianze na mimi mwenyewe, maana najua mtatafuta wa kumlaumu. Aliyemwaga unga wa shemeji yangu ni mimi, kwa jedwali lenye safu tatu, na jedwali lenyewe halikuwa na uongo hata chembe. Hilo ndilo lililoninogea. Uongo mtu anaweza kuukana, lakini namba iliyo sahihi utaikana kwa lipi?

Kiwanda chetu kilitengeneza pampu za dripu. Ni kisanduku kinachofungwa kwenye stendi kando ya kitanda cha mgonjwa, kikasukuma dawa kwenye mshipa tone kwa tone kwa kasi aliyoitaka daktari. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, na kompyuta yoyote, hata hiyo ya kuhesabu matone, haiendi bila mfumo endeshi: ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza na kuwaambia wenzake nani afanye nini, lini. Viwanda vingine vinachukua mfumo wa watu. Sisi tulikuwa na wetu. Aliuanza Mzee, mwenye kiwanda, na aliyeumaliza ni mume wa dada yangu. Ulikuwa na mistari ya programu elfu kumi na moja na mia nne, basi.

Idara ya mfumo ilikuwa na watu wawili, Shemeji na mimi. Mzee hakumwamini mtu hata kidogo, akatuwekea utaratibu wake: mmoja aingize, mwingine aondoe. Kila kilichoandikwa, awe amekiandika nani, kiliingia kwenye mfumo kupitia kompyuta ya mezani kwangu, na kumbukumbu ikasajili jina langu. Kila kilichofutwa kilifutwa kwenye kompyuta ya Shemeji, kwa jina lake. Yeye akiandika, ananiletea, naujaribu msimbo wake, hayo maandishi ya programu, kwenye pampu, nauingiza. Tulifanya hivyo miaka tisa. Kati ya kila mistari kumi niliyoingiza, tisa ilikuwa yake, na kiwanda kizima kilijua hivyo mpaka mfagizi.

Halafu kulikuwa na Kusoma. Mkaguzi wa vifaa vya tiba alikuja mara moja kwa mwaka, na sheria yake ilitaka mtu mmoja aape kwa saini yake kwamba ameusoma mfumo wote, mstari kwa mstari, na anaujua. Hakutaka saini ya kampuni wala ya kikundi. Alitaka mtu. Shemeji aliuchapa mfumo kwenye karatasi, kurasa mia mbili ishirini na nane, akajifungia stoo na penseli kwa siku tisa. Kila ukurasa alioumaliza aliuwekea herufi zake chini pembeni. Dada alikuwa akisema siku hizo tisa yeye ni mjane mwenye mume. Siku ya kumi Shemeji alitoka na ndevu, akasaini hati, akaenda kulala mpaka kesho yake. Cheo chake kiliitwa Msomaji, na cheo hicho mimi nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Mniulize kwa nini, nitawaambia. Nilikaa kwao miaka sita tangu nilipokuwa sekondari. Shemeji ndiye aliyenifundisha kuandika programu, kwenye meza ya kulia, vyombo vikiwa bado havijaondolewa. Mtu aliyekufundisha kila kitu ni vigumu sana kumsamehe. Mwaka wangu wa tatu kiwandani niliandika sehemu ya kengele, ile inayolia hewa ikiingia kwenye mrija. Mistari mia saba, miezi minne, macho yananiuma. Shemeji aliisoma asubuhi moja, alasiri ikawa mistari sitini na mmoja. Alimwonyesha Mzee mbele yangu. "Mawazo ni yake yote," akasema, "mimi nimetoa maneno tu." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Shemeji aliamini kwamba amenisifu, na mpaka leo nadhani bado anaamini hivyo.

Mzee alipofariki, kiwanda kikashikwa na mwanawe, ambaye tulimwita Bosi Mdogo hata baada ya mkubwa kuzikwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuona aibu, na mtu wa kuona aibu ukimpa madaraka ni hatari kuliko mbaya. Alikwenda kwenye mkutano wa watengenezaji wa mashine, akakaa meza moja na wakubwa, wakaulizana mifumo yao ina mistari mingapi. Ilipofika zamu yake akasema elfu kumi na moja. Wakamwuliza kama alitaka kusema milioni.

Aliporudi alitukusanya watu wote arobaini kwenye ukumbi wa kuunganishia, akabandika ukutani chati yenye rangi.

"Hii ndefu ni Windows," alisema. "Watu wanakadiria mistari milioni hamsini. Hii ni Linux, imevuka milioni thelathini. Hii ya tatu ni ya simu mlizo nazo mifukoni. Sasa nani anaiona ya kwetu?"

Watu wakakaza macho.

"Haionekani," akasema fundi wa kulehemu.

"Haionekani. Nilimwambia mchoraji aikuze kidogo, akasema akiikuza hizi nyingine zitatoka nje ya jengo."

Kicheko kikazunguka. Shemeji hakucheka. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, mtu wa miaka hamsini na mbili.

"Bosi, Linux inaongea na maelfu ya vifaa. Printa, kamera, redio, vitu ambavyo hata havitengenezwi tena. Sehemu kubwa ya mistari yake ni hiyo. Wetu unaongea na mota moja, kengele moja na vitufe vitano. Halafu hata hiyo mistari, kila mtu anaihesabu kwa namna yake. Wengine wanahesabu mpaka mistari mitupu. Kuilinganisha hivi ni kupima kijiko kwa kukiweka kando ya jiko."

"Kwa hiyo sisi ni kijiko," alisema Bosi Mdogo.

Hapo watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka. Shemeji aliniangalia, akatabasamu, akidhani nacheka na yeye.

Kesho yake Bosi aliniita ofisini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, kiti kikubwa kwake, miguu inagusa sakafu kwa vidole.

"Miaka tisa," akasema, "watu wawili, mistari elfu kumi na moja. Nataka kujua nani amefanya nini. Unaweza kuniletea?"

Ningemweleza utaratibu wa Mzee kwa pumzi moja. Mmoja anaingiza, mwingine anaondoa, majina kwenye kumbukumbu hayana maana yoyote. Sentensi ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaimeza, nikamwambia, "Nipe mpaka kesho asubuhi, bosi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Nilikaa nayo mchana kutwa kwa sababu nilipenda kuiangalia. Safu ya kwanza jina, ya pili mistari iliyoingizwa, ya tatu iliyoondolewa. Mimi: elfu kumi na tisa na mia mbili, sifuri. Shemeji: sifuri, elfu saba na mia nane. Toa hiyo kwenye ile, unapata elfu kumi na moja na mia nne, ule mfumo wenyewe, sawasawa bila kubaki hata mstari. Niliichapa kwa herufi kubwa.

Bosi aliisoma mara mbili. Rangi ilimpanda usoni.

"Huyu miaka yote hii analipwa kwa kubomoa?"

"Namba ndizo hizo, bosi."

"Na nyumbani kwenu mnaelewana?"

"Ni mume wa dada yangu," nikasema. "Ndiyo maana sikupenda kuisema."

Hilo la mwisho nililiongeza bila kuombwa. Mtu akiwa kwenye kazi anayoiweza, hutia na chumvi.

Hakumwita ofisini. Alirudi kwenye ukumbi ule ule, watu wale wale, akaibandika karatasi yangu chini ya chati ya rangi. Akawasomea. Alipofika kwenye sifuri ya Shemeji aliirudia ili iwaingie.

Shemeji aliisogelea karatasi. Alivaa miwani. Aliisoma kama alivyosoma kila kitu, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Halafu akageuka, akanitafuta kwenye kundi.

"Shemeji," akasema kwa upole, "mweleze bosi utaratibu wa Mzee."

Watu wote wakaniangalia.

"Bosi aliomba majina yaliyo kwenye kumbukumbu," nikasema. "Yaliyomo ndiyo hayo."

"Ndiyo, yamo. Lakini mweleze nani aliandika."

"Kumbukumbu haina safu ya nani aliandika."

Nilimwona akinielewa. Ilichukua muda, maana alikuwa mtu wa kusoma polepole, lakini akishasoma kitu alikuwa amekisoma. Fundi wa kulehemu alikuwa anajua. Mfagizi alikuwa anajua. Mama wa stoo, ambaye kila mwaka alimpelekea Shemeji chai mlangoni siku zote tisa, alikuwa anajua kuliko wote. Kila mmoja aliangalia viatu vyake. Kila mmoja alikuwa na unga wake wa kuchunga, na mimi nilikuwa nimelitegemea hilo.

"Miaka tisa sijaongeza mstari hata mmoja," alisema Bosi Mdogo, akiigiza sauti ya Shemeji, na safari hii waliocheka walikuwa wachache, lakini walikuwepo.

Shemeji akapewa mpaka Ijumaa awe ameondoka. Ijumaa hiyo alinikabidhi ufunguo wa stoo na boksi la penseli. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeshapanga hata majibu, na kukosa nafasi ya kuyatumia kuliniudhi kweli.

"Ukiwa unasoma ukachoka, acha," aliniambia. "Rudi kesho. Ukisoma umechoka unaona kinachotakiwa kuwepo, huoni kilichopo."

"Asante kwa somo, shemeji."

"Sawa," akasema, akaenda zake na mfuko wa plastiki wenye kikombe na sweta.

Dada alikuja kwangu Jumapili. Hakukaa kwenye kochi, alivuta kiti cha jikoni akakaa wima, mkoba mapajani. Dada alinilea. Anapokaa hivyo mimi huwa na miaka kumi tena, na hilo nalo sikulipenda.

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja," alisema. "Sentensi moja. Nenda kamwambie yule mtoto wa watu utaratibu ulivyokuwa."

"Dada, mambo ya kazini yana wenyewe."

"Mimi si mwenyewe? Hizo programu zako za kwanza nani alikuwa anaondoa sahani mfanye hesabu zenu?"

"Nimempa namba alizozitaka. Namba hazina shemeji."

Halafu akacheka kidogo, cheko baya, la mtu aliyekuta mdudu kwenye mchele aliokwisha kupika.

"Unajua anasemaje nyumbani? Anasema umesahau tu. Anasema ulitahayari mbele za watu, maneno yakakupotea. Kila jioni ananiambia, subiri, atakumbuka, atakwenda kumweleza."

"Basi mwache asubiri," nikasema.

Akainuka, akaondoka bila kuaga. Chai niliyomtengenezea niliinywa mimi.

Nikawa Msomaji. Nilipewa meza ya Shemeji na watu sita wapya, na Bosi akaniwekea lengo: kila mtu mistari elfu moja kwa wiki, mitupu na ya maelezo yote ndani. Tukanunua kompyuta kubwa zaidi kwa ajili ya pampu mpya, maana ile ndogo isingetosha. Ooh, na wale sita walijua kazi. Sehemu ya mota iliyokuwa na mistari mia tatu ikawa elfu tisa. Walileta programu nzima za watu kutoka mtandaoni, wakazipachika zilivyo. Pampu ikawa na skrini ya rangi, picha ya tone linalozunguka, saa ya nchi kumi na mbili. Kila Ijumaa nilimpelekea Bosi namba mpya naye akaichora kwenye chati yake kwa mkono. Katika miezi kumi tukafika mistari laki mbili na elfu kumi na nne. Pembeni ya Linux bado haikuonekana, lakini alikuwa na furaha.

Halafu mkaguzi akaleta tarehe. Siku kumi na moja. Nikauchapa mfumo. Zilikuwa kurasa elfu nne mia mbili na themanini, maboksi tisa, wabebaji wawili walipishana nayo kwenye korido. Nikajifungia stoo. Siku ya kwanza nilisoma kweli. Nilisoma kurasa ishirini na tano kama alivyokuwa akisoma Shemeji, nazo sikuzielewa zote. Nikapiga hesabu kwa penseli yake: kwa mwendo ule ningemaliza baada ya siku mia moja na sabini na moja.

Siku ya pili nilisoma kurasa kumi na tano. Siku ya tatu niliacha kusoma, nikaanza kuweka herufi zangu chini pembeni. Ukurasa, herufi. Ukurasa, herufi. Ilinichukua siku tatu na mkono ukavimba mpaka pete ikakataa kutoka. Siku zilizobaki nilikaa stoo nimefunga mlango, nalala juu ya maboksi, ili watu waone nimekaa.

Kuna kitu kingine, nacho nakisema kwa sababu nimeshaanza. Mmoja wa wale sita, mwanamke tuliyemwita Miwani, aligonga mlango wa stoo. Alikuwa ameiacha pampu ikifanya kazi siku tatu mfululizo kwenye meza ya majaribio.

"Ilisimama sekunde nne," akasema. "Picha ilikuwa inabadilika. Ilipoamka ikasukuma matone yote ya sekunde nne kwa pamoja."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Jaribu tena."

Alijaribu mara ishirini. Haikurudia. Nikamwambia basi ni waya, au ni mkono wake, na aandike hivyo. Ana watoto wawili, yule. Akaandika hivyo.

Mkaguzi alifungua maboksi mawili, akachomoa kurasa tatu, akaona herufi zangu. Alinisifu. Alisema kazi kama ile hajawahi kuiona. Nikasaini, na pampu mpya zikaanza kutoka.

Mwezi wa pili baada ya hapo Dada alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Tulikuwa hatusemeshani, lakini damu ni damu, nikaenda kumwona saa tisa alasiri. Wodi ilikuwa ya vitanda kumi na sita, mapazia yamefungwa upande wa jua. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, amekonda, ana shati nililolijua. Siku hizo alikuwa anatengeneza redio na pasi barazani kwake. Alinipa mkono. Dada alikuwa macho, mweupe midomoni, na kwenye stendi yake tone la rangi lilikuwa linazunguka.

Nilisoma namba ya toleo kwenye kona ya skrini. Ilikuwa mpya. Dawa iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya maumivu, ile kali. Ikizidi kidogo mgonjwa anasahau kupumua. Nikamfuata nesi mezani kwake.

"Naomba mgonjwa wangu umfungie ile pampu ya zamani."

"Hiyo ndiyo mpya, dada. Tumepata kumi tu. Nilisikia ninyi ndio mnaozitengeneza, nikampa ya maana."

"Ina kelele. Hawezi kulala."

"Mbona haina kelele?"

"Mimi ndiye ninayezitengeneza," nikasema.

Akakunja uso, akaniambia za zamani zote zina watu. Bibi wa kitanda cha jirani akatusikia. Alikuwa mdogo kama mtoto, mkono wake umefungwa kwenye pampu ya zamani, ya mistari elfu kumi na moja.

"Badilisheni na mimi," alisema. "Masikio yangu yenyewe yalishakufa nusu, mwanangu. Mpe dada yako alale."

Nesi akaniangalia. Ningesema hapana. Nilisema, "Asante, bibi."

Wakabadilisha. Bibi akaitazama skrini yake mpya, akafurahi kama aliyeletewa televisheni. Akaniambia Mungu anizidishie, anipe na wajukuu. Nikamwitikia amina.

Nilipogeuka, Shemeji alikuwa ananiangalia. Alikuwa amevaa miwani.

"Kurasa ngapi, shemeji?" aliuliza.

"Elfu nne mia mbili na themanini."

"Umezisoma?"

"Nimezisaini."

Dada alikuwa ametusikia. Alijaribu kuinua kichwa, akashindwa. "Ile mashine ina nini?" alimwuliza mumewe.

"Sijui. Mimi sijaisoma."

"Nani ameisoma?"

Dada akanigeukia mimi, na sikuwahi kumwona na macho yale, hata siku niliyovunja mtungi wa mama.

"Mwambie yule bibi," alisema. "Hapo alipo. Mwambie ulichokiona kwenye yangu."

Bibi alikuwa anazungusha kidole chake hewani, akilifuata lile tone. Nilisimama pale nikasoma tangazo la kunawa mikono ukutani, lote, mpaka jina la mpiga chapa.

"Nesi," Dada akaita, "nirudishie yangu."

"Dada, usiwe mjinga."

"Nirudishie yangu."

Nesi alikuja amekasirika, akafungua, akafunga. Bibi akalalamika kidogo kwamba watu wa siku hizi hawajui wanachotaka. Shemeji akasogeza kigoda mpaka karibu na stendi, akaweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, akatulia hivyo. Nilikuja kusikia kwamba alikaa hivyo siku mbili, akipokezana na mama wa stoo, aliyeomba ruhusa kiwandani akisema ana msiba.

"Zimebaki tisa humu wodini," Shemeji alimwambia nesi, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Ziondoe."

"Siwezi kuziondoa kwa maneno ya jamaa wa mgonjwa, baba. Leteni barua ya kiwanda. Mkileta naziondoa leo leo."

"Barua inasainiwa na nani?"

"Na yule aliyeziapia. Jina lake liko kwenye hati."

Nesi akasimama na kalamu yake akingoja mtu amjibu.

"Nitaileta Jumatatu," nikasema.

"Nenda," Dada akasema. Alikuwa amefumba macho. "Nenda kazini kwako."

Jumatatu niliwahi kufika. Nilikuwa nimeshaiandika barua kichwani, fupi tu, ya kusema sijausoma mfumo na pampu ziondolewe. Niliweka karatasi safi mezani. Bosi Mdogo akaingia bila kubisha, ana furaha, amebeba mafaili manne. Hospitali nne zaidi, akasema, zimeona kazi yetu, zinataka pampu mia tatu, na zote zinataka saini ya Msomaji mwenyewe. Akayapanga juu ya karatasi yangu. Akakumbuka adabu, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nikamwambia anaendelea vizuri. Nikafungua faili la kwanza, nikasaini, halafu nikasaini na yale matatu.